Kumalizia Gizani

Umeme ulikatika kinanda cha kanisa kikiwa ndiyo kwanza kimefunguka. Anayeujua wimbo wa "Close to the Edge" wa kundi la Yes anajua ni pahali gani: magitaa yameshatulia, sauti za waimbaji zimekuwa zikijibizana polepole kama watu wanaosali chumba kimoja sala tofauti, kisha kinanda kikubwa kinaingia na kifua chako kinatetemeka. Kinanda hicho walikirekodi kanisani kweli, St Giles, katikati ya London. Basi hapo hapo taa zikazimika, mtaa wetu wote wa Ipagala ukawa giza totoro, santuri ikapoteza mwendo na sauti ikazama kama ndoo iliyokatika kamba kisimani.

Nikatoa simu niwashe tochi. Mzee akanizuia. "Acha. Tulia hapo hapo."

Akaendelea na wimbo mwenyewe. Alianza na kile kinanda, mdomo umefungwa, sauti inatoka puani. Kilipokwisha akahamia kwa mpiga kinanda wao, Rick Wakeman, vidole vya kulia vikikimbia juu ya mkono wa kochi, vya kushoto vikishika besi ya Chris Squire. Maneno asiyoyakumbuka aliyaruka, anayoyakumbuka aliyaimba, na mwishoni kabisa akapiga mluzi mwembamba wa ndege, kwa sababu wimbo ule unaanza na kuisha kwa ndege na maji. Ilichukua kama dakika sita. Mbu walinila sana lakini sikuthubutu kujipiga kofi.

"Haya," akasema. Sura yake sikuiona. "Hizo zako za siku hizi, unaweza kuzimalizia gizani?"

Sikuwa na jibu.

Nieleze tulivyofika hapo. Mimi ni mtumishi wa umma, niliyeletwa Dodoma na wizara mwaka 2017, katika wimbi la mwanzo mwanzo. Wenzangu walikuwa wanahesabu siku mpaka Ijumaa wapande basi warudi Dar. Mimi sikuwa na wa kumrudia, kwa hiyo nikapanga vyumba viwili upande wa uani kwa mzee mmoja mstaafu, Mgogo wa huku huku, na kwa miezi mitatu mazungumzo yetu yalikuwa "Shikamoo mzee" na "Marahaba mwanangu, kodi vipi?" Jumamosi moja alasiri, upepo unapiga vumbi kwenye bati, nikasikia kitu ukutani. Sauti kama nyuzi mia za fidla zilizofungiwa ndani ya pipa, zikipanda na kushuka. Nikaenda kugonga mlango wake.

"Nimekusumbua?" akauliza.

"Hapana mzee. Hiyo ni Genesis? Ni 'Watcher of the Skies'?"

Alinitazama kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyelitaja jina la ugonjwa wake mwenyewe. Akafungua mlango wote.

Mzee ni mjiolojia. Alisoma Uingereza kuanzia 1971 mpaka 1974, akarudi na shahada, koti zito ambalo Dodoma haijawahi kumpa sababu ya kulivaa, na santuri thelathini na moja. Anasema yeye ni mtu wa miamba kazini na nyumbani. Mkewe, ambaye namwita Mama kama kila mtu hapa mtaani anavyomwita, ni mwanakwaya wa sauti ya pili kwa zaidi ya miaka arobaini, na santuri hizo anaziita "mabati ya mzee".

Jina la muziki wenyewe, progressive rock kwa Kiingereza, linasumbua. Ukisema "roki endelevu" inasikika kama andiko la mradi wa wafadhili. "Roki ya maendeleo" ni mbaya zaidi. Mzee anasema aliporudi nchini mwaka 1974 alikuta kila kitu ni cha maendeleo, isipokuwa santuri zake. Sisi wawili tunaiita progu, na humu nitaiita hivyo.

Kwa asiyeijua: mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Uingereza walichoka na wimbo wa dakika tatu wa kumlilia msichana. Wakachukua gitaa la umeme, wakalichanganya na jazi, na muziki wa kanisani, na ule wa okestra waliofundishwa shuleni, wakaanza kutunga nyimbo ndefu zenye vyumba vingi ndani. Wengi huhesabu mwanzo wake kuwa Oktoba 1969, King Crimson walipotoa In the Court of the Crimson King. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi hashangai sana. Wimbo wa dansi nao huanza taratibu, unasimulia kisa, halafu unafika kwenye chemko, magitaa yanashika moto na hakuna anayebaki kwenye kiti. Kwenye santuri ndogo za zamani, wimbo ulikuwa unakatwa katikati, unageuza upande wa pili kuukuta unaendelea. Kwa hiyo wimbo wa dakika kumi na nane si ugeni kwetu. Ugeni ni kwamba kwenye progu chemko inaweza isije kabisa, ukabaki umekaa na koti lako la kuchezea.

Mimi nililelewa na CD za kuchoma. Mwaka 2003, bwenini Mlimani, mwenzangu wa chumba alikuwa na Scenes from a Memory ya Dream Theater, Wamarekani waliokutana chuo cha muziki cha Berklee, Boston. Tuliisikiliza kila mtu na sikio moja la earphone. Ndani yake kuna kipande kiitwacho "The Dance of Eternity", dakika sita hivi bila neno hata moja, na mashabiki wamehesabu kwamba mapigo yake yanabadilika zaidi ya mara mia moja. Kwangu huo ndio ulikuwa ukomo wa uwezo wa binadamu. Niliposikia baadaye rekodi za 1972 zilionekana kama gari la babu: zuri, lina historia, lakini hulipeleki Morogoro.

Kwa hiyo tulianza kubishana mimi na mzee, Jumamosi kwa Jumamosi, kahawa na kashata katikati yetu. Mpaka umeme ulipokatika ubishi wetu ulikuwa ule ule wa mashabiki wote. Yeye: wa zamani walivumbua, wa sasa wanakariri. Mimi: wa sasa wanapiga vizuri zaidi, wanarekodi vizuri zaidi, na wa zamani wanasifiwa kwa sababu waliwahi foleni. Ni ubishi wa zilipendwa na bongo fleva, umevaa suti tu. Swali la giza lilikuwa jambo jingine.

Nilijaribu. Nilijaribu "The Dance of Eternity" bafuni, kwenye daladala ya Jamatini, kitandani taa zikiwa zimezimwa kwa hiari yangu. Sikuvuka sekunde ya arobaini. Ninaujua wimbo huo kwa miaka zaidi ya ishirini. Najua kila kona yake inapokuja, lakini nikiachwa peke yangu siwezi kuutembea.

Mzee hakucheka niliporipoti. Alisema kitu ambacho nimekifikiria sana. "Money" ya Pink Floyd, ya mwaka 1973, inahesabiwa saba badala ya nne. Ukiipiga makofi kwa kawaida mkono wako unabaki hewani. "Lakini mama anayeuza nyanya Majengo," akasema, "msikilizishe mara tatu, ya nne ataiimba akipanga mafungu yake, na hatajua kamwe kwamba amehesabu saba." Hesabu imefichwa ndani ya wimbo kama jiwe ndani ya embe. Kwa Dream Theater, wakati mwingine, unapewa jiwe.

Hapo nilikubali nusu. Kuna muziki wa kuimba na kuna muziki wa kutazama, kama sarakasi, na mtu hatoki kwenye sarakasi akirukaruka kwenye kamba. Lakini nilikuwa na silaha yangu pia. Mzee ana Tales from Topographic Oceans, ya Yes hao hao, Desemba 1973: santuri mbili, nyimbo nne, kila mmoja umekaa upande mzima. Nikamwomba anitolee kwa mdomo upande wa pili. Akaanza, akasita, akaanza tena, akaniambia nimwekee kahawa. Wakeman mwenyewe alichoshwa na kazi ile. Amesimulia jinsi alivyokula kari jukwaani wakati wenzake wanaendelea kupiga, na mwaka uliofuata akaondoka kwenye kundi. Ikiwa mpiga kinanda wako anapata nafasi ya kumaliza sahani ya kari katikati ya wimbo, wimbo una tatizo, na tatizo hilo halikuletwa na vijana.

Mzee alitetea kwa kusema kwamba santuri ilikuwa inawadhibiti. Upande mmoja unabeba dakika ishirini na kitu, ukizidisha sauti inafifia. Yes walipotunga "Close to the Edge" walikuwa na ukuta mbele yao na walijua uko wapi. Hata Jethro Tull, waliofanya Thick as a Brick mwaka 1972 kuwa wimbo mmoja wa santuri nzima, ilibidi wajue msikilizaji atainuka katikati, atageuza, na wakaandika mahali pa kuinukia. CD ilipokuja na nafasi ya dakika sabini na nne na zaidi, ukuta ukaondolewa, na makundi ya miaka ya 1990 na 2000 yakajaza kibuyu mpaka mdomoni kwa sababu tu kibuyu ni kikubwa. Nilimwekea The Whirlwind ya Transatlantic, ya 2009, wimbo mmoja wa dakika sabini na saba. Dakika ya thelathini alikuwa amelala, na sisemi kwa mafumbo, alikuwa anakoroma.

Hoja hiyo ya ukuta nadhani ndiyo bora kuliko zote alizowahi kunipa, na sijaipatia jibu.

Hoja ya chombo ilinichukua muda zaidi. Zile fidla mia ndani ya pipa nilizosikia ukutani ni mellotron, kinanda cha Kiingereza ambacho kila kibonye chake kinavuta ukanda wa sauti uliorekodiwa fidla, filimbi au kwaya halisi. Ukibonyeza, ukanda unakimbia. Baada ya sekunde kama nane umekwisha, lazima uachie urudi. Kilikuwa kizito, kilipoteza tuni kwa joto na kwa kubebwa, na mpigaji alikuwa hajui usiku ule kitaamka vipi. Ndiyo maana kinalia vile, kama kwaya inayoimba huku ikiogopa. Makundi ya leo yanazitumia sauti hizo hizo kutoka kwenye kompyuta, na pamoja nazo yanaweka mtetemo wake, mkwaruzo wake, hata ule mkato wa sekunde ya nane. Mzee alipoelewa hilo alisikitika kweli kweli. "Wanaiga mpaka ugonjwa wake," akasema. "Sisi tulimsikiliza mgonjwa aliyekuwa anajitahidi."

Sasa Steven Wilson. Huyu, kwa wasiomjua, ni Mwingereza aliyeanzisha Porcupine Tree, na kwa maoni yangu ndiye mtu aliyefanya zaidi kuliko yeyote kuziunganisha zama hizi mbili. Mwaka 2013 alipotaka albamu yake The Raven That Refused to Sing iwe na sauti ya pumzi ya watu chumbani, alimwita Alan Parsons aketi kwenye mitambo, Parsons yule yule aliyeirekodi The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd. Na tangu 2009 amekuwa akipewa kanda za asili za King Crimson, Jethro Tull, Yes, kanda ambazo kila chombo kiko peke yake, azichanganye upya.

Nilipomweleza mzee hilo, alisimama. Mzee wangu hasimami ovyo, magoti yake hayamruhusu. "Ni kama mtu aende Kolo na brashi!"

Mnaijua Kolo, kule Kondoa, kwenye michoro ya miambani ambayo tangu 2006 imo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Yeye ameipanda mara nyingi ujanani, kikazi na bila kazi, na ameona watu walivyoikwangua na kuimwagia maji ili ipendeze kwenye picha. Kwa hiyo hasira ilikuwa ya kweli. Nikamwambia Wilson hakupaka rangi. Hakuongeza mpigaji, hakurekebisha aliyekosea. Ameondoa masizi. Na Robert Fripp wa King Crimson alikuwa naye bega kwa bega.

Ilinichukua wiki mbili kumshawishi avae headphone asikilize Close to the Edge iliyosafishwa mwaka 2013. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yamefumbwa. Alipozivua akakaa kidogo.

"Nimemsikia Squire akihamisha kidole."

"Unaona, mzee?"

"Nimemsikia. Lakini vumbi langu liko wapi?"

Nilidhani anatania. Halafu nikaelewa. Santuri yake imekaa Dodoma zaidi ya miaka hamsini. Upepo wa Agosti hapa hauna adabu, unaingiza vumbi jekundu hata kwenye kabati lililofungwa, na ile mikwaruzo anayoisikia dakika ya tatu na dakika ya kumi na moja ni vumbi la hapa. Nakala yake imerekodiwa mara mbili, mara moja London na mara nyingine polepole Ipagala. Ndiyo maana alipokuwa akiimba gizani kuna mahali alibofya ulimi, tk, tk. Nilikuwa nimedhani ni pigo la ngoma.

Kuna jambo jingine lililobadilisha ubishi, na lilitoka kwa kundi ambalo sote wawili hatukulipa uzito. Gentle Giant, Octopus, 1972. Humo mna wimbo "Knots" ambapo waimbaji wanarushiana vipande vya maneno, mmoja anaingia kabla mwenzake hajatoka, sauti nne zinasukana kama ukili. Mzee anakumbuka wenzake wa bweni kule Uingereza walivyoukalia, wanausikiliza kwa kunyoosha vidole, nani kaingia, nani katoka. Wakamuuliza kama anaelewa. "Nikawaambia mama zangu wanaimba hivi, na hawajawahi kuhesabu." Asiyewahi kusikia Wagogo wakiimba akidhani ni maneno ya kujisifu, aende Chamwino akasikilize akina mama, ngoma za muheme zimebanwa magotini, sauti zinapishana juu yake na kila moja inajua inakokwenda.

Nikamchezea "Thoughts" ya Spock's Beard, Wamarekani, 1996, ambayo ni heshima ya wazi wazi kwa Gentle Giant, sauti zinaruka vile vile. Imefanywa kwa ustadi mkubwa. Mzee alisikiliza kwa makini akasema, "Hawa wamesoma vizuri. Wamepata A." Sijawahi kusikia tusi zito namna hiyo.

Ndipo nikamwekea kitu kingine, kwenye spika ndogo ya bluetooth, bila kumwambia. Zeze likaanza, kisha ilimba, yaani marimba ya vidole, kisha ile sauti inayopanda mpaka unajiuliza kama ni mtu mmoja. Mzee akaweka kikombe chini.

"Huyu ni Hukwe Zawose. Huyu ni wa kwetu."

Kweli. Zawose alizaliwa Doduma, mkoa huu huu, akaishia Bagamoyo alikofundisha na kupiga mpaka alipofariki mwaka 2003. Ila mzee hakujua albamu ile, Chibite, ilitoka mwaka 1996 kwenye lebo ya nani. Ni Real World, ya Peter Gabriel. Yule Gabriel aliyeimba "Watcher of the Skies" akiwa na Genesis. Yule ambaye mzee alimwona ukumbini akiwa amevaa ua kubwa kuzunguka uso, akadhani kwa dakika moja amerudi nyumbani na anatazama mapiko ya Wamakonde.

Kisa chenyewe ni kizuri kuliko hoja zetu zote. Gabriel aliondoka Genesis mwaka 1975. Mwaka 1982 yeye na wenzake wakaanzisha tamasha la WOMAD, wapigaji wa dunia nzima kwenye jukwaa moja, na likala hasara iliyotaka kumzika. Wenzake wa zamani wa Genesis wakakubali kurudiana naye kwa usiku mmoja, tarehe 2 Oktoba 1982, Milton Keynes, mvua inanyesha, mapato yalipe madeni. Gabriel aliingia jukwaani akiwa amebebwa ndani ya jeneza. Wakapiga zile ndefu za zamani. Deni likalipika, WOMAD likaishi, lebo ikaja mwaka 1989, na kwa njia hiyo mtoto wa Doduma akasikika kwa watu wasioweza hata kuitaja Dodoma. Nyimbo ambazo wakosoaji walishazizika kama mikogo ya vijana wa Kiingereza zilikuja kumlipia nauli mpiga ilimba.

Mzee alisikiliza Chibite yote. Alikuwa anaelewa maneno, mimi siyaelewi, kwa hiyo alicheka mahali nisipojua kwa nini. Mwishoni akauliza, "Sasa hii utaiweka kundi gani? Ya zamani au ya kisasa?" Halafu hakusubiri jibu, akaenda kuangalia kuku.

Msidhani nimesalimu amri. Kuna mambo ambayo wa sasa wamewazidi wale wa zamani na mzee anajua. La kwanza ni namna wanavyoishi. Yes na Genesis walibebwa na kampuni zenye fedha. Marillion, ambao walivuma miaka ya 1980 muziki huu ukiwa umeshachekwa na kila mtu, mwaka 1997 hawakuwa na fedha za kwenda Marekani. Mashabiki wa huko wakachangishana kama dola 60,000 wakawaleta. Mwaka 2001 zaidi ya watu 12,000 wakailipia albamu Anoraknophobia kabla haijarekodiwa. Mtanzania haelezwi hilo mara mbili, hiyo ni michango ya harusi, ina kadi na kamati yake, tofauti ni kwamba hapa aliyechanga alipata chakula. La pili, wanaosema watu wa siku hizi hawana subira watueleze kuhusu kundi la Tool: mwaka 2019 wimbo wao "Fear Inoculum", dakika kumi na sekunde 21, uliingia kwenye chati ya nyimbo mia za Billboard, ukawa mrefu kuliko wowote uliowahi kuingia humo mpaka siku hiyo. Subira ipo. Inategemea unamwomba nani na saa ngapi.

Mimi subira hiyo niliipata hapa. Dar nilikuwa nasikiliza vipande, kati ya Ubungo na Posta, kondakta akigonga bati. Wimbo wa dakika ishirini unahitaji mji wenye jioni. TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma mwaka 1973, mwaka ule ule wa The Dark Side of the Moon, Selling England by the Pound, Tubular Bells na hizo Tales zenye kari. Serikali ikaanza kuhama kwa kishindo mwaka 2016. Mzee anasema huo ndio utunzi mrefu kuliko wote: dibaji, kimya, dibaji tena, kimya kirefu, kisha chemko watu wakiwa wameshasinzia.

Na ndiyo, ipo ya kisasa niliyoweza kuimalizia gizani. Niliipata bila kuitafuta, umeme ulipokatika tena, safari hii chumbani kwangu. "Arriving Somewhere but Not Here" ya Porcupine Tree, 2005, dakika kumi na mbili. Niliendelea nayo mwenyewe, nikapita kwenye ule mlipuko wa gitaa la katikati, nikatoka upande wa pili, nikarudi kwenye mwanzo. Nilikosea mahali pawili. Asubuhi nikamwambia mzee kwa fahari. Akauliza mwaka, akahesabu kwa vidole. "Miaka ishirini. Hiyo nayo zilipendwa."

Mwezi uliopita alinishangaza kwa kuomba mwenyewe. "Niwekee mpya kabisa. Ya hawa hawa wa kelele." Nikachagua The Last Will and Testament ya Opeth, Waswidi, ya Novemba 2024. Nilikuwa na sababu zangu. Albamu yote ni hadithi ya watoto waliokusanywa kusomewa wasia wa baba yao, na nyimbo zake karibu zote hazina majina, zina namba za aya tu, kama hati ya mahakamani. Mzee alipenda hilo. Akasema anazo santuri thelathini na moja na watoto wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuziulizia.

Opeth ni watu waliosifika kwa kuimba kwa kunguruma, sauti ya simba mwenye kidonda kooni. Waliiacha kwenye albamu zao kwa miaka mingi, wakapiga kama watu wa 1972, mashabiki wakagawanyika. Kwenye hii wameirudisha. Nilimwonya mzee. Alivumilia aya ya kwanza, ya pili, ya tatu, uso umekunjamana kama anaonja shubiri. Tukafika ya nne. Katikati ya yale mawe mazito, filimbi ikaingia.

Mzee akainua kidole.

"Huyu namjua."

Nikanyamaza.

"Huyu ni yule anayepiga filimbi kasimama mguu mmoja. Wa Thick as a Brick." Alikuwa ameshajisogeza kwenye ukingo wa kochi. "Ian Anderson. Kumbe bado ana pumzi! Tunalingana huyu, amenipita mwaka tu. Nani kamwalika?"

"Hao hao wanaonguruma, mzee."

Akasikiliza filimbi mpaka ilipotoka. Kisha akachukua simu yangu, akakodoa macho kwenye kioo, akarudisha wimbo mwanzo kwa kidole chake cha kuvunjia mawe, na akaongeza sauti. Ngurumo ikajaa sebule yote. Mlango wa jikoni ukafunguka, Mama akasimama pale na mwiko mkononi, anatazama huku na huku.

"Nani mgonjwa?" akauliza.